Paul Ehrlich, daktari aliyevipaka vijidudu rangi

Kila siku ya kliniki hapa Mpanda nasikia maneno yaleyale. Mama anampakata mtoto, anasema mwili wa mwanawe umeshazoea amoksilini, kwa hiyo apewe dawa kali zaidi. Wengine wametoka Nsimbo, wengine Mishamo, wengine kwenye machimbo ya dhahabu, lakini kauli ni hiyo moja: mwili umezoea dawa.

Siwacheki, kwa sababu na mimi nimepita huko. Miaka michache iliyopita mwanangu alipewa amoksilini ya maji. Siku ya tatu kikohozi kikatulia, nikaacha kumpa, chupa nikaiweka kabatini. Niliona ni dhambi kumwaga dawa. Baada ya wiki chache akapata homa usiku, nikamnywesha ile iliyobaki, nikalala nikiamini nimefanya la maana. Kesho yake kipimo kikaonyesha malaria, na amoksilini haitibu malaria. Wakati huo nilikuwa tayari nina stashahada ya uuguzi. Nilijua ninachopaswa kufanya, na sikukifanya.

Ndiyo maana leo sitamnyooshea mtu kidole. Nitawasimulia maisha ya daktari mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Anaitwa Paul Ehrlich. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonyesha kwa majaribio kwamba kinachozoea dawa si mwili. Ni kijidudu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukiielewa utabadilisha namna unavyotunza dawa nyumbani kwako.

Kijana aliyependa rangi kuliko insha

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya Wajerumani. Leo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake aliendesha nyumba ya wageni.

Shuleni hakuwa mtoto wa kusifiwa kwa kila somo. Insha zilimtesa. Inasimuliwa kwamba kwenye mtihani aliambiwa aandike kuhusu maisha kuwa kama ndoto, naye akaandika kwamba ndoto ni kazi ya ubongo, ni kama ubongo unatoa mwanga wake gizani. Walimu hawakupendezwa. Lakini huyo ndiye alivyokuwa: hata kwenye insha alikuwa anawaza mwanga na kemia.

Binamu yake, Karl Weigert, alikuwa daktari, na alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kupaka bakteria rangi ili waonekane kwenye hadubini. Miaka hiyo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatengeneza rangi mpya za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe. Ehrlich akaanza kuzichukua rangi hizo za nguo na kuzijaribu kwenye vipande vya nyama ya wanyama.

Aliona jambo ambalo kila mama anayefua analijua. Ukiloweka kanga mpya pamoja na nguo nyingine, rangi haishiki zote sawa. Shati la pamba linakunywa rangi, la nailoni linaweza kutoka safi. Rangi huchagua pa kushika. Ehrlich aliona kwamba na ndani ya mwili ni hivyohivyo: rangi moja inashika mishipa ya fahamu, nyingine inashika seli fulani za damu, nyingine inamshika kijidudu na kuiacha nyama iliyo pembeni. Mwaka 1878 alimaliza udaktari kwa kuandika kuhusu rangi hizo.

Kutoka hapo akapata swali lililomwongoza maisha yake yote. Kama rangi inaweza kumshika kijidudu peke yake na kumwacha mgonjwa, je, haiwezekani kupata dawa inayofanya vivyo hivyo?

Mwanga kwenye jicho, rangi kwenye kifua kikuu

Mwaka 1882 Ehrlich alikuwa daktari kijana katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Mwaka huo alifanya mambo mawili ambayo mpaka leo tunayatumia.

La kwanza lilihusu mwanga. Kulikuwa na rangi mpya inaitwa fluoresini. Ukiimulika, inang'aa kijani. Ehrlich aliwadunga sungura rangi hiyo, kisha akaangalia macho yao. Akaona mng'ao wa kijani ukipita taratibu ndani ya jicho, akaweza kufuatilia maji ya jicho yanavyotembea bila kulipasua. Mpaka sasa daktari wa macho akitaka kuona mkwaruzo kwenye jicho la mtoto anaweka tone la fluoresini na kulimulika.

La pili lilihusu kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alisimama mbele ya madaktari wa Berlin akaonyesha bakteria anayesababisha TB. Ehrlich alikuwepo. Alirudi akiwa na hamu ya kutafuta njia nzuri zaidi ya kumpaka rangi bakteria huyo. Inasimuliwa kwamba aliacha vioo vyake vya makohozi vikauke juu ya jiko lililokuwa limezimwa, na asubuhi mtu akaliwasha bila kujua. Badala ya kuharibika, vioo vilitoka vizuri kuliko vyote vya nyuma: joto lilisaidia rangi kuingia.

Bakteria wa TB ana ngozi yenye nta. Rangi ikishaingia kwa msaada wa joto, hata ukiosha kwa asidi haitoki, wakati bakteria wengine wanapauka. Wenzake Ziehl na Neelsen waliiboresha njia hiyo. Ukipeleka makohozi maabara na fundi akayapima kwa hadubini ya kawaida, akatafuta vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu, anafuata njia aliyoianzisha Ehrlich.

Akajikuta yeye ndiye mgonjwa

Mwaka 1888 Ehrlich alipata kikohozi kisichoisha. Akachukua makohozi yake mwenyewe, akayapaka rangi kwa njia yake, akaangalia kwenye hadubini. Vijiti vilikuwepo. Alikuwa na umri wa miaka 34, mke wake Hedwig yuko naye, wana mabinti wawili wadogo.

Hakukuwa na dawa ya TB. Dawa ya kwanza ya kuua bakteria wake, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Mgonjwa wa wakati wa Ehrlich alishauriwa apumzike na aende mahali penye hewa kavu. Yeye na Hedwig walikwenda Misri, wakarudi Berlin mwaka 1889 akiwa na nafuu. Alipona, lakini wengi wa wakati wake hawakupona.

Nawaeleza hili kwa sababu kuna mama anaogopa kupima TB kwa kuhofia majirani. Mtu aliyekijua kifua kikuu kuliko karibu wote wa wakati wake aliugua kifua kikuu. Ugonjwa huu unaambukiza kwa hewa. Hauulizi elimu, hauulizi usafi wa nyumba wala tabia.

Maziwa ya mama na dondakoo

Aliporudi Berlin, Koch alimpa nafasi katika taasisi yake. Hapo alifanya jaribio ambalo ningependa kila mama alijue. Alichukua panya jike akawapa kidogokidogo sumu ya mbegu, mojawapo ikiwa sumu ya mbegu za mnyonyo (mbarika), mpaka wakawa na kinga. Walipozaa, akabadilishana watoto: wa mama mwenye kinga akawapeleka kwa mama asiye na kinga, na wa mama asiye na kinga wakanyonya kwa mwenye kinga. Watoto walionyonya maziwa ya mama mwenye kinga wakapata kinga, hata kama hakuwazaa yeye.

Hivyo miaka ya 1890 ilishaonekana kwamba maziwa ya mama yanabeba kinga pamoja na chakula. Tunaposisitiza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, hii ni mojawapo ya sababu.

Miaka hiyohiyo alishirikiana na Emil von Behring kwenye dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa unawaziba watoto koo hadi kufa. Behring aligundua kinga iliyo kwenye damu ya mnyama. Ehrlich akatafuta namna ya kuipima ili kila chupa iwe na nguvu ileile. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Metchnikoff kwa kazi yao juu ya kinga. Leo dondakoo tunaizuia kwa chanjo ya pentavalenti, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Panya, malale na dawa iliyogoma

Mwaka 1899 Ehrlich alihamia Frankfurt, na mwaka 1906 akajengewa jengo la utafiti kwa fedha za mjane mmoja, Franziska Speyer. Hapo ndipo maisha yake yanapokutana na huku kwetu.

Mtu wa Katavi haambiwi mbung'o ni nini. Tunaishi na misitu ya miombo na hifadhi ya wanyama, na malale ni ugonjwa ambao wazee wetu wanaujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 malale yaliua watu wengi sana kuzunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1906 Robert Koch alikuja mwenyewe, akaweka kambi kwenye visiwa vya Sese, Uganda, akawatibu wagonjwa kwa dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl. Wengi walipata nafuu mwanzoni, kisha vimelea vikarudi kwenye damu. Baadhi ya waliopewa dozi kubwa walipofuka macho. Huku magharibi mwa Tanganyika, baadaye katika utawala wa Waingereza, watu walihamishwa kutoka vijiji vyao na kukusanywa pamoja ili kuwakwepa mbung'o.

Ehrlich hakuwahi kufika huku. Lakini kimelea cha malale alikuwa nacho Frankfurt, ndani ya panya. Mwaka 1904, pamoja na Mjapani Kiyoshi Shiga, alipata rangi nyekundu iliyoweza kuua kimelea cha jamii hiyo ndani ya panya. Halafu yeye na wasaidizi wake wakakutana na jambo ambalo hawakulitegemea.

Walimpa panya mgonjwa dawa iliyotokana na rangi nyingine, fuksini. Vimelea vikatoweka kwenye damu. Baada ya siku kadhaa vikarudi. Wakampa tena, vikatoweka tena, vikarudi mapema zaidi. Wakaendelea hivyo mpaka siku moja dawa haikufanya kitu. Vimelea viliogelea kwenye damu kana kwamba dawa ni maji.

Hapa mtu angesema mwili wa panya umezoea dawa. Ehrlich hakuridhika na jibu hilo. Alichukua damu ya panya yule akaitia kwa panya mwingine mzima, ambaye hajawahi kuonja dawa hata mara moja. Akampa dawa ileile. Haikufanya kazi. Akahamishia kwa panya wa tatu, wa nne, na kuendelea kwa miezi. Mwili ulikuwa mpya kila mara, lakini dawa iligoma kila mara.

Mama, tulia hapo kidogo. Panya wa pili hakukosea lolote. Hakukatisha dozi, hakununua dawa bila kupimwa. Alipokea tu kijidudu ambacho kilishajifunza kwa mwingine. Ndivyo inavyokuwa nyumbani. Mtu mzima akikatisha dawa za TB na bakteria wake wakawa sugu, mtoto anayelala chumba hichohicho anaweza kuvuta hewa yenye bakteria sugu. Mtoto huyo atakuwa na TB sugu kuanzia siku ya kwanza, hata kama hajawahi kumeza kidonge kimoja maishani mwake.

Ehrlich aliona jambo jingine la kutia moyo. Kimelea kilichoishinda fuksini bado kilikufa kwa dawa ya aseniki. Kilichoishinda aseniki bado kilikufa kwa ile rangi nyekundu. Usugu ulikuwa wa kundi moja la dawa, haukuwa wa dawa zote. Alieleza kwamba juu ya kijidudu kuna mahali ambapo dawa inashika, na mahali hapo pakibadilika, dawa hiyo haipati pa kushika, ingawa nyingine bado inapata pake. Kwa hiyo alifundisha mambo mawili: kijidudu kipigwe mapema na kwa dozi ya kutosha kabla hakijajifunza, na ikiwezekana kipigwe kwa dawa zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kila moja ikishika mahali pake.

Kimelea cha malale si bakteria. Lakini kanuni aliyoiona kwa panya wale ndiyo tunayoiona leo kwa bakteria wa TB, wa nimonia, wa njia ya mkojo na wa vidonda.

Dawa namba 606

Kwa akili hiyohiyo, maabara yake ilitengeneza mamia ya dawa zenye aseniki na kuzipa namba. Mwaka 1909 Mjapani mwingine, Sahachiro Hata, alizipima upya kwa sungura wenye kaswende, hata zile zilizokuwa zimewekwa kando. Namba 606 ikafanya kazi. Mwaka 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Ilikuwa na madhara na haikuwa rahisi kuidunga, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kupata dawa iliyotengenezwa maabara makusudi kwa kutafuta kijidudu fulani. Leo mjamzito hupimwa kaswende hudhurio la kwanza la kliniki, na akikutwa nayo anatibiwa kwa penisilini ili mtoto aliye tumboni asidhurike.

Waliofanya naye kazi walimkumbuka kama mtu mchangamfu, asiye na mpangilio mezani, anayewaandikia wasaidizi maagizo kwenye vikaratasi vya rangi mbalimbali. Alivuta sigara nene takriban 25 kwa siku. Hilo msiige. Alifariki kwa ugonjwa wa ghafla tarehe 20 Agosti 1915, akiwa na miaka 61. Baadaye utawala wa Hitler uliliondoa jina lake kwenye mtaa wa Frankfurt kwa sababu alikuwa Myahudi. Hedwig, ambaye sasa alikuwa mzee, ilimbidi akimbilie nje ya nchi.

Somo lake lilivyofika Afrika Mashariki

Streptomaisini ilipoanza kutumika miaka ya 1940, wagonjwa wa TB walipata nafuu haraka, kisha wengi wakarudi nyuma. Bakteria walikuwa wameizoea, kama vimelea vya panya wa Frankfurt. Madaktari wakagundua kwamba TB lazima ipigwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja.

Mchango mkubwa wa kupata dozi tunayotumia ulitoka huku kwetu. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa Uingereza na wa Afrika Mashariki walifanya majaribio na wagonjwa wa ukanda huu, wakaonyesha kwamba ukichanganya dawa sahihi, rifampisini ikiwemo, matibabu yanaweza kushuka kutoka mwaka mmoja na nusu hadi miezi sita. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu kwa msaada wa Dkt. Karel Styblo, na utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa mpaka amalize dawa ukawa mfano kwa nchi nyingi duniani. Kwa hiyo muuguzi anapokufuatilia nyumbani kuuliza kama dawa zimemezwa, hakuonei. Ni utaratibu uliokomazwa hapa nchini na umeokoa watu.

Mwanga unaotambua TB sugu

Sasa turudi kwenye ule mng'ao wa kijani kwenye jicho la sungura. Ehrlich alishika mambo matatu maishani: rangi inayong'aa, bakteria wa TB, na usugu wa dawa. Alikufa kabla hayajakutana. Leo yamekutana ndani ya mashine ndogo ya maabara inayoitwa GeneXpert, ambayo imesambazwa katika hospitali nyingi za Tanzania.

Kwanza, maabara nyingi sasa hutumia hadubini yenye taa maalumu na rangi inayong'aa iitwayo auramini. Bakteria wa TB anaonekana kama nyota ya njano gizani, na fundi anamwona upesi kuliko kwa njia ya zamani. Lakini hadubini inakuambia tu kwamba bakteria yupo. Haikuambii kama dawa itamuua.

GeneXpert inaeleza yote mawili. Makohozi yanachanganywa na dawa ya maji, yanawekwa kwenye kikopo kidogo kilichofungwa, kikopo kinaingizwa kwenye mashine. Mashine inampasua bakteria, inachukua kipande cha vinasaba vyake, inakitoa nakala nyingi sana. Kipande hicho kinahusu mahali hasa ambapo rifampisini inashika. Ndipo yale mawazo ya Ehrlich kuhusu mahali pa kushika yanapopata ushahidi.

Ndani ya kikopo kuna vinasaba vidogo vilivyotengenezwa maabara, vinaitwa probu. Kila probu imejikunja kama pini ya nywele. Upande mmoja ina rangi inayong'aa, upande wa pili ina kitu kinachozima mng'ao huo, ni kama tochi inayowaka lakini umeiziba kwa kiganja. Probu ikikutana na kinasaba kinachofanana nayo kabisa, inakunjuka na kukishika, kiganja kinaondoka, mwanga unatoka. Mashine inausoma.

Kipimo hiki kilipoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, probu zilikuwa tano. Zote tano zikiwaka, bakteria wa TB yupo na rifampisini inatarajiwa kumuua. Bakteria akiwepo lakini probu mojawapo ikagoma kuwaka, maana yake mahali pa kushika pamebadilika, na bakteria huyo huenda ni sugu. Matoleo mapya yanausoma mwanga kwa namna tofauti kidogo, lakini kazi ni ileile. Majibu hutoka ndani ya saa mbili hivi tangu sampuli iingie kwenye mashine. Kuotesha bakteria maabara ili kujua dawa gani inawaua huchukua wiki kadhaa.

Saa hizo mbili ni muhimu kwa mtoto. Akianzishiwa dawa isiyomfaa, bakteria wanaendelea kumla huku mama akiamini anatibiwa. Mwaka 2009 matibabu ya TB sugu yalipoanza nchini katika Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mgonjwa alitumia dawa kwa karibu miaka miwili, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi mingi. Baadhi walipoteza uwezo wa kusikia. Sasa huduma zimesogezwa mikoani, na kuna matibabu ya vidonge yanayoweza kuchukua miezi sita hadi tisa. Bado ni mzigo. Kuzuia usugu ni nafuu kuliko kuutibu.

Jambo moja la mwisho kuhusu mashine hii. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi, huyameza. Kwa hiyo tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kinyesi cha mtoto kitumike kwenye kipimo hiki. Ukiombwa kinyesi cha mtoto anayekohoa, usishangae. Na majibu yakisema TB haikuonekana, daktari bado anaweza kumwanzishia mtoto dawa kwa kuangalia dalili na historia ya nyumbani, kwa sababu watoto huwa na bakteria wachache.

Ya kufanya nyumbani kwako

1. Mpeleke mtoto kituo cha afya akikohoa wiki mbili au zaidi, akiwa na homa zisizoeleweka, asipoongezeka uzito, akiacha kucheza, au kama kuna mtu nyumbani mwenye TB. Katika vituo vya serikali, kupima na kutibu TB ni bure.

2. Kama zahanati yako haina mashine, uliza kuhusu kusafirisha sampuli hadi hospitali iliyo nayo. Acha namba ya simu sahihi ili majibu yakufikie.

3. Mgonjwa wa TB amalize dawa zote, hata akipata nafuu mwezi wa kwanza. Anayekwenda machimboni, shambani au kuchunga ng'ombe mbali aage kituo mapema ili apewe dawa za kutosha au barua ya kuendelea kwingine.

4. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB apelekwe akapimwe, hata kama hana dalili. Kuna dawa za kumkinga.

5. Usimpe mtoto amoksilini au dawa nyingine ya kuua bakteria kwa mafua au homa ambayo haijapimwa. Ukienda duka la dawa muhimu, nenda na cheti cha daktari. Usinunue nusu dozi.

6. Usitunze mabaki ya dawa, na usimgawie jirani. Kama dawa imebaki, irudishe kituoni uulize.

7. Mtoto akizidiwa, akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usisubiri dawa uliyonayo nyumbani ifanye kazi. Mkimbize hospitali.

Chupa yangu niliitoa kabatini asubuhi ile ya malaria, na tangu hapo sijaweka nyingine. Siku hizi mama akiniambia mwili wa mwanawe umezoea dawa, namsimulia habari ya yule panya wa pili. Wengi hunyamaza kidogo, kisha huuliza nani mwingine nyumbani anakohoa. Swali hilo likiulizwa mapema, mtoto anapata nafasi.